Plagi Zilizolika Upande Usio Wake: Kisa cha Land Rover 109 ya Newala

Land Rover 109 ya petroli, toleo la miaka ya 1960, ililetwa Mtwara mjini kutoka Newala ikiwa na sifa moja mbaya: ilikuwa inakula plagi, yaani vile vifaa vinavyotoa cheche ya kuwasha mafuta ndani ya silinda za injini vilichakaa haraka mno. Mwenye gari ni mzee anayeishi juu ya uwanda wa Makonde. Msimu wa korosho hulitumia kukusanya magunia mashambani na kuyafikisha kwenye ghala la chama cha msingi, na miezi ya kiangazi hulitumia kupandisha mapipa ya maji kutoka mabondeni, kwa kuwa huko juu maji yamekuwa shida tangu enzi za mababu. Gari likiwa tupu kwenye njia tambarare lilikwenda vizuri, wala mtu asingeshuku kitu. Likipakiwa mapipa manne yaliyojaa, yaani kilo 800 hivi za maji, na kuanza kuupanda ukingo wa uwanda kutoka upande wa Masasi, injini ilianza kumisi, yaani kuruka baadhi ya mipigo yake, na kupiga chafya kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli, na dereva akalazimika kuweka gia ya kwanza mahali ambapo zamani alipanda na ya pili. Asubuhi zenye umande lilikataa kuwaka. Likifungwa plagi mpya, maradhi yote yalitoweka, kisha yakarudi baada ya wiki chache za kazi.

Kabla ya kufika Mtwara gari lilikuwa limepita mikononi mwa mafundi kadhaa. Platini, zile swichi ndogo zinazokata umeme ili cheche itoke, zilibadilishwa, kondensa inayozilinda zisiungue ikabadilishwa, waya za plagi zikabadilishwa, kabureta ikafunguliwa na kusafishwa. Sioni sababu ya kuwalaumu kwa kazi hizo, kwa maana kila kimoja kati ya vifaa hivyo kinaweza kuleta dalili zilezile. Ninachosikitikia ni namna plagi zilizotolewa zilivyoshughulikiwa: zilitazamwa kwa sekunde chache, zikapigwa brashi ya waya, kisha ama zikarudishwa ama zikatupwa. Mzee mwenyewe alikuwa ameshafikia uamuzi wake. "Mwanangu," aliniambia, "haya ni mafuta. Mafuta yakichakachuliwa, plagi itadumu vipi?" Shaka hiyo haikutoka hewani, kwani uchakachuaji wa mafuta ya magari kwa mafuta ya taa uliwahi kuwa tatizo kubwa nchini, na ndiyo maana EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani kemikali za utambulisho, kwenye mafuta mwaka 2010. Nilimwomba anipe nafasi ya kuzitazama plagi kwanza, kabla hatujayahukumu mafuta.

Plagi hazikuguswa kwa brashi wala kitambaa. Gari lilipofika gerejini kwetu Chikongola, hapa Mtwara mjini, injini ilizimwa moja kwa moja baada ya mwendo, haikuachwa ikiunguruma, kwa sababu dakika chache za kuunguruma bila mzigo hupaka masizi mapya juu ya alama za kazi halisi na kumpotosha anayetazama. Ilipopoa, plagi zote nne zilifunguliwa, kila moja ikafungwa kwenye karatasi yake iliyoandikwa namba ya silinda. Mfuniko wa distribyuta (kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi), rota inayozunguka ndani yake na platini navyo vilitolewa na kuwekwa mbalimbali. Fundi anayechanganya plagi zote kwenye kopo moja ameshapoteza nusu ya habari, kwa sababu jambo la kwanza la kuuliza ni kama plagi zote zimelika kwa namna moja au ni moja tu iliyotofautiana na wenzake. Ikiwa ni moja tu, ugonjwa uko kwenye silinda hiyo au kwenye waya wake. Ikiwa ni zote, ugonjwa uko mahali ambapo umeme wa plagi zote hupita pamoja, yaani kabla ya distribyuta kuugawa.

Hadubini tuliyotumia ni ya maabara ya baiolojia ya shule moja ya sekondari hapa mjini, ya aina ile ambayo wanafunzi hutazamia ngozi ya kitunguu. Mwalimu wa somo hilo alitupokea kwa moyo mmoja, ila alikuwa na wasiwasi wa haki. "Fundi, hii hutazama vitu vinavyopitisha mwanga. Taa yake iko chini. Chuma hiki utakionaje?" Jibu lake ni kuizima ile taa ya chini na kumulika kwa tochi ndogo kutoka pembeni, tochi ikilazwa chini kabisa ili mwanga upite juu ya chuma kwa mshazari. Mwanga wa namna hiyo hufanya kila kijishimo kitupe kivuli chake, na kivuli ndicho kinachoonyesha umbo. Mwanga unaoshuka wima huufanya uso wa chuma ung'ae tu bila kuonyesha kina. Plagi ilisimamishwa kwa udongo wa kufinyangia. Tulitumia lenzi ndogo kuliko zote, ya kukuza mara 4, ambayo kwa kioo cha jicho cha mara 10 hukuza mara 40, na tukaweka rula ya milimita chini yake ili kuhakikisha kwamba duara tunaloliona lina upana wa milimita 4.5 hivi. Lenzi kubwa hazifai kwa kazi hii. Ile ya mara 40 hukikaribia kitu kwa chini ya milimita moja, na kwa kifaa chenye mabonde na vilima kama plagi ingekwaruzwa bure.

Tulianza na kauri, yaani ile pua nyeupe inayoizunguka ncha ya katikati. Ilikuwa na rangi ya kahawia hafifu, sawasawa kuizunguka, isipokuwa kwenye plagi ya silinda ya tatu ambapo upande mmoja ulikuwa na weusi wenye unyevu wa oili. Rangi hiyo ya kahawia ina maana kubwa. Pua ya plagi inatakiwa ifanye kazi kati ya nyuzi joto 450 na 850 hivi za Selsiasi: chini ya hapo masizi hayaungui na hujilimbikiza, juu ya hapo plagi yenyewe huweza kuuwasha mchanganyiko wa hewa na mafuta kabla ya wakati wake. Kauri iliyopitiliza joto hubadilika kuwa nyeupe kavu na kutoa malengelenge madogo. Hatukuyaona. Jambo la pili tulilolitafuta, na ambalo jicho tupu haliwezi kulipata, ni vidonge vidogo mno vinavyong'aa kama fedha vilivyogandamana kwenye kauri. Hivyo ni vipande vya alumini vilivyobanduka kwenye pistoni, na hutokea injini inapogonga kwa nguvu, yaani mchanganyiko unapolipuka ovyo ndani ya silinda, kama inavyoweza kugonga ikipewa petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Tuliizungusha kila pua chini ya lenzi, kidogo kidogo, hadi mzunguko ukamalizika, wala hatukukuta hata kidonge kimoja. Shaka ya mafuta ilidhoofika hapo, ingawa bado haikuwa imekufa.

Kisha tukahamia kwenye vyuma viwili ambavyo cheche huruka kati yake. Cha kwanza ni ncha ya katikati, kijiti cha aloi ya nikeli chenye kipenyo cha milimita 2.5 hivi. Cha pili ni mguu wa pembeni, ule uliopindwa juu yake na kuunganishwa na ganda la plagi, na kwa njia ya ganda kuunganishwa na injini na bodi ya gari. Plagi iliyofanya kazi kawaida huonyesha kulika zaidi kwenye ncha ya katikati. Kingo zake, ambazo zikiwa mpya ni kali kama zilivyokatwa kiwandani, hulainika, zikawa mviringo, huku mguu wa pembeni ukibaki na uso bapa wenye mikwaruzo midogo.

Plagi za Land Rover hii zilikuwa kinyume. Kingo za ncha ya katikati zilikuwa bado zinaonekana wazi, zimepungua ukali kidogo tu. Lakini mguu wa pembeni, katika uso unaoielekea ncha, ulikuwa umechimbwa bonde la mviringo, lenye upana unaokaribia kabisa ule wa ncha iliyo mkabala nalo, limeingia ndani kama tumbo la kijiko. Tochi ilipolazwa, nusu ya bonde ilijaa kivuli na nusu ya pili ikang'aa, na ndani yake kulikuwa na maelfu ya vijishimo vidogo vilivyosongamana, kila kimoja alama ya mahali cheche ilipong'oa chembe ya chuma. Ukirekebisha hadubini ili ukingo wa bonde uonekane vizuri, kitako kilififia. Ukikishika kitako, ukingo ukafifia. Kina chake tulikikadiria kuwa theluthi ya milimita. Plagi ya kwanza ilikuwa hivyo, ya pili hivyo, ya nne hivyo, na ya tatu, licha ya oili yake, hivyohivyo.

Hapo ndipo kisa kilipogeuka, na inafaa nieleze kwa nini. Cheche ni mkondo wa elektroni unaoruka kutoka upande hasi kwenda upande chanya kupitia gesi iliyovunjwa na msukumo mkubwa wa umeme. Sambamba na elektroni hizo, chembe nzito za gesi zenye chaji chanya huvutwa kuelekea upande hasi na kuupiga. Kwa sababu hiyo upande hasi ndio unaopoteza chuma zaidi. Mfumo wa kawaida wa gari lenye distribyuta hupangwa ili ncha ya katikati iwe hasi, na mpango huo una sababu yake: ncha hiyo ni ya moto, kwa kuwa joto lake halina njia fupi ya kutokea isipokuwa kupitia kauri, na chuma cha moto huachia elektroni kwa urahisi kuliko chuma kilichopoa. Umeme ukigeuzwa, elektroni hulazimika kutoka kwenye mguu wa pembeni ambao una ubaridi zaidi, na msukumo unaohitajika ili cheche iruke hupanda sana, hata kufikia robo zaidi ya ule wa kawaida au kupita hapo. Kwa hiyo bonde kwenye mguu wa pembeni lilikuwa linasema jambo moja mahususi: mguu huo ndio uliokuwa upande hasi. Na kwa kuwa plagi zote nne zilisema hivyo kwa pamoja, kosa lilikuwa kwenye koili, kile kifaa kinachoupandisha umeme mdogo wa betri uwe mkubwa wa kutoa cheche, au kwenye waya zinazoilisha.

Kabla ya kwenda kwenye koili tulivikagua vifaa vilivyobaki, kwa sababu kuona jambo moja linalopendeza si ruhusa ya kuacha kutazama mengine. Platini zilikuwa na rangi ya kijivu hafifu, ambayo ndiyo rangi ya tungsteni inayofanya kazi vizuri. Upande mmoja ulikuwa na kichuguu kidogo na wa pili kishimo kinacholingana nacho, chuma kikiwa kimehama kutoka huku kwenda kule. Hali hiyo ikizidi huashiria kondensa isiyo na kipimo kinachofaa, lakini hapa ilikuwa ndogo, na hapakuwa na rangi ya bluu inayotokana na kuungua wala weusi wa oili iliyopanda kutoka chini. Ndani ya mfuniko wa distribyuta tulitafuta mistari ya kaboni, ile myeusi myembamba inayogawanyika matawi na kuupitisha umeme mahali pasipotakiwa. Haikuwapo. Rota ilikuwa imelika ncha kwa kadiri ya umri wake.

Chumvi ilikuwapo, bila shaka. Gari likikaa Mtwara, Mikindani au Lindi kwa muda, hewa ya bahari huacha alama zake kwenye kila kiungo cha shaba, na cheche za ndani ya distribyuta zenyewe hutengeneza ozoni na gesi za naitrojeni ambazo zikikutana na unyevu huzaa asidi. Kwenye viungo vya koili tuliona kutu ya kijani yenye chembe nyeupe, na kwa kukuza mara 40 ilionekana ya kutisha. Lakini hadubini hukuza ubaya wa jambo pamoja na ukubwa wake, kwa hiyo multimita ndiyo iliyopewa uamuzi: umeme uliokuwa unapotea kwenye viungo hivyo haukufika hata sehemu ya tano ya volti moja. Tulivisafisha, ila hatukuvihesabu kuwa chanzo.

Koili yenyewe ilikuwa ya zamani, ya Lucas, na kwenye vichwa vyake viwili ziliandikwa herufi SW na CB. Waya wa kutoka kwenye swichi ya gari ulifungwa kwenye SW, na waya unaokwenda kwenye platini ulifungwa kwenye CB. Fundi yeyote angesema ni sahihi, kwa maana ndivyo herufi zilivyokusudiwa. Tatizo lilikuwa kwenye betri. Mfumo wa kuwasha kwa betri, koili na platini, uliobuniwa na Charles Kettering wa Marekani na kuingia kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912, haulazimishi ncha ipi ya betri iunganishwe na bodi. Watengenezaji wengi wa Uingereza, Land Rover wakiwamo, waliunganisha ncha chanya na bodi kwa miaka mingi, kisha wakahamia ncha hasi mwishoni mwa miaka ya 1960. Gari la mzee lilitoka kiwandani likiwa na chanya kwenye bodi, na koili yake ilitengenezwa kwa mpangilio huo. Nilipofunua boneti niliona kwamba dainamo, mtambo wa zamani wa kuchaji betri, haipo tena, na mahali pake imekaa altaneta, mtambo mpya zaidi wa kazi hiyohiyo. Altaneta ya kawaida inahitaji hasi kwenye bodi, na betri ilikuwa imegeuzwa ili kuifuata.

"Altaneta hii iliwekwa lini, mzee?" Akafikiri. "Ule mwaka taa zilipokuwa zinafifia usiku. Baada ya hapo taa zikawa safi kabisa." Nikamuuliza kama shida ya plagi ilikuwapo kabla ya hapo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba zamani plagi alizibadilisha anapokumbuka tu.

Aliyefunga altaneta hiyo alijua kazi yake. Waya za ammita, kipimo cha mkondo wa umeme wa betri, zilikuwa zimebadilishana nafasi, kwani zisingebadilishwa sindano ingeonyesha betri inaisha huku inajazwa. Starta haijali betri imegeuzwa au la, huzunguka upande uleule. Platini hazijali, kondensa haijali, wala taa na honi hazina neno. Injini iliwaka, gari likaondoka. Koili peke yake ndiyo iliyobaki na waya zake kwenye nafasi za zamani huku umeme ukipita kinyume, na kwa kuwa bado ilitoa cheche, hakuna aliyekuwa na sababu ya kuitilia shaka.

Nilihitaji uthibitisho usiotegemea hadubini. Upo mtihani wa zamani wa penseli ya risasi, na bado ni mzuri. Waya wa plagi huchomolewa na kushikwa kwa koleo yenye mpini mzuri wa plastiki, karibu na kichwa cha plagi, injini ikiunguruma, kisha ncha ya penseli iliyochongwa huwekwa katikati ya njia ya cheche. Mwenye kujaribu ahakikishe mikono imekauka na hagusi bodi, kwa sababu umeme huo hupita volti 10,000. Umeme ukiwa sahihi, cheche hutawanyika na kuwa na wekundu kidogo upande wa plagi, yaani kati ya penseli na plagi. Ukiwa umegeuzwa, hutawanyika upande wa waya. Cheche ya gari hili ilitawanyika upande wa waya, kwenye silinda zote.

Sasa inaeleweka kwa nini plagi mpya zilikuwa zinatibu. Plagi mpya ina kingo kali, na umeme huruka kwa urahisi kutoka kwenye ukingo mkali kuliko kwenye uso laini. Pengo lake pia ni dogo, kwenye injini hii milimita 0.75 hadi 0.80. Faida hizo mbili zilitosha kufidia hasara ya umeme uliogeuzwa, na koili ikabaki na akiba kidogo. Kadiri mguu wa pembeni ulivyochimbika, pengo liliongezeka na akiba ikapungua. Kwenye tambarare bado ilitosha. Lakini injini ikipanda mlima na mzigo, kabureta ikiwa wazi kabisa, silinda hujaa hewa na mafuta mengi zaidi, na mgandamizo unaongezeka, na cheche huhitaji msukumo mkubwa zaidi ili kupita kwenye gesi iliyogandamizwa. Hapo ndipo koili iliposhindwa. Asubuhi zenye umande nazo zilikula akiba ileile, kwa kuwa unyevu juu ya kauri na waya huvujisha sehemu ya umeme, na wakati starta inazungusha injini betri yenyewe huwa imeshuka. Fundi akibadilisha plagi na tatizo likatoweka, huamini kwa nia njema kabisa kwamba plagi ndizo zilizokuwa mbovu. Tiba hiyo ilikuwa ya kweli kwa siku hizo chache, na ndiyo iliyoficha ugonjwa kwa misimu.

Lipo jambo jingine lililosaidia kuuficha, nalo ni dogo lakini nalitilia mkazo. Mafundi waliotangulia walipima pengo la plagi kwa fila bapa, yaani kibamba chembamba cha kupimia mapengo, wakapata milimita 0.80, wakaridhika. Tulipopima sisi kwa fila ileile tulipata hivyohivyo. Lakini fila bapa hulala juu ya kingo za bonde kama daraja, haiingii ndani, kwa hiyo hupima umbali kati ya ncha na kingo, wala si umbali ambao cheche inauruka. Tulipotumia kipimo cha waya wa mviringo, waya wa milimita 1.1 ulipita. Yeyote anayepima plagi iliyotumika, iwe ya gari au ya pikipiki, apime kwa waya.

Tiba tuliifanya kwa hatua. Ingekuwa rahisi kugeuza waya za koili na kufunga plagi mpya kwa wakati mmoja, na mzee angependa hivyo, lakini tusingejua kilichotibu ni kipi. Kwa hiyo plagi za zamani zilirudishwa zilivyo, kila moja kwenye silinda yake, na bonde lake na pengo lake. Waya wa swichi ulihamishiwa kwenye CB na waya wa platini ukahamishiwa kwenye SW. Mtihani wa penseli ukarudiwa, na safari hii cheche ikatawanyika upande wa plagi. Mzee akaondoka kwenda kwake na maagizo ya kupanda na mapipa manne kama kawaida, kisha apige simu. Alipopiga alisema gari limepanda na gia ya pili karibu mlima wote, likamisi kidogo tu kwenye kona kali za juu. Hilo ndilo tulilotarajia: msukumo uliohitajika ulikuwa umeshuka, lakini pengo la milimita 1.1 lilikuwa bado lipo. Alipofunga plagi mpya zenye pengo la milimita 0.75, hata zile kona zikapita bila kumisi.

Tulifunga pia utepe mwekundu kwenye waya za koili, na kuandika kwa rangi kwenye ukuta wa ndani wa boneti kwamba zimegeuzwa kwa makusudi. Herufi za SW na CB sasa zinasomeka kinyume cha waya zilizofungwa, na fundi makini atakayefuata atatamani kuzirudisha. Siku koili hiyo itakapokufa, mpya yenye alama za kujumlisha na kutoa haitakuwa na utata: kwa gari lenye hasi kwenye bodi, upande wenye alama ya kutoa (−) huenda kwenye platini.

Mwenzangu mmoja wa gereji alinipinga, na hoja yake inastahili nafasi. Alisema plagi yoyote iliyochoka hulika pande zote, kwa hiyo bonde peke yake si ushahidi. Ni kweli kwamba pande zote hulika. Ushahidi haukuwa bonde peke yake, bali bonde pamoja na kingo za ncha ya katikati zilizosalia karibu nzima: uchovu wa kawaida usingeweza kuumaliza mguu wa pembeni na kuiacha ncha. Hata hivyo hoja yake inagusa hatari halisi kwa atakayeichukua kanuni hii na kuitumia kila mahali. Magari mengi yasiyo na distribyuta, ambayo koili moja hulisha plagi mbili kwa pamoja, hurusha cheche ya plagi moja kwa mwelekeo wa kawaida na ya pili kwa mwelekeo wa kinyume, na ndivyo yalivyoundwa. Kwenye magari hayo utakuta plagi mbili zimelika ncha na mbili zimelika mguu, na hakuna kosa lolote la kutafuta. Kinachotakiwa huko ni plagi zilizoimarishwa pande zote mbili, na kuzirudisha kila moja mahali pake.

Msimu wa korosho ulipokwisha, mzee alizileta plagi bila kuzifuta, zimefungwa kwenye karatasi zenye namba. Mwalimu alitufungulia tena maabara. Kingo za ncha ya katikati zilikuwa zimeanza kulainika kwenye plagi zote nne, na miguu ya pembeni ilikuwa bapa, na mikwaruzo midogo iliyotawanyika bila kujikusanya mahali pamoja. Waya wa milimita 0.80 ulipita kwa shida. Plagi ya silinda ya tatu ilikuwa na weusi wa oili uliotanda zaidi ya ule wa mwanzo, na chini ya lenzi tuliona tabaka juu ya tabaka, la chini likiwa limeungua na kukauka na la juu likiwa bado linang'aa kwa unyevu. Hiyo haihusiani na koili. Ni ringi za pistoni au mpira wa valvu unaovuja, na kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo, cha silinda hiyo, kikavu kwanza kisha na oili kidogo iliyomiminwa ndani, kitaonyesha ni kipi kati ya hivyo viwili. Mzee amekubali gari lilale gerejini kwa kazi hiyo kabla mikorosho haijaanza kuzaa tena.